Limi Amepata Baridi

Ngokolo, Shinyanga
Jumatano, kabla ya adhuhuri

Kwako shemeji yangu Maige, mla michembe ya viazi,

Mwadila! Naanza na salamu ya kwenu ili ujue nimekuja kwa heri. Habari za Buseresere? Karasha lako linaendelea kusaga mawe ya dhahabu, au siku hizi linakusaga wewe? Mama Loveness hajambo? Watoto wanaendelea vizuri? Na ule mgongo wako umepona, au bado unatembea kama bata aliyemeza kokwa? Mimi huku naumwa nyonga, ile ile ya kushoto, lakini mtu wa umri wangu asipoumwa kitu majirani huanza kumshuku. Joto la mwaka huu limepita kiasi. Mvua imechungulia mara moja ikaona hali yetu, ikarudi ilikotoka. Kuku wanashinda midomo wazi, na mbwa wa gereji ya nyuma ya ukuta wetu amechimba shimo akajizika mwenyewe, amebakiza pua.

Najua umeshangaa kuiona barua. Mimi na darasa langu la nne tuliachana zamani, na kalamu naishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Simu ninayo, na leo ina chaji. Ila kwa simu wewe na mimi tumeshaharibiana. Jana jioni binti mmoja anaitwa Aneth alikupigia kwa simu yangu, analia. Ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwambia kwamba safari hii mimi Mzaramo nimepata mwigizaji wa kweli, na nimpe kahawa ya bure kwa kazi nzuri. Ukakata. Alipopiga tena ukawa hupatikani.

Maige, yule binti hakuwa anaigiza. Ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, Mhaya wa watu, utani wetu haumhusu na wala hauelewi. Alibaki ameshika simu ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemtukana.

Basi nimekaa nikafikiri. Nimekudanganya kwa mdomo, nimekudanganya kwa simu, nimekutumia watu mikono imejaa uongo. Kwa maandishi sijawahi. Kuandika kunanitoa jasho, na utani unaotoa jasho si utani, ni kibarua. Kwa hiyo barua hii isome kama unavyosoma hati ya kiwanja. Ninakuomba jambo moja tu: uje Ngokolo kabla ya sala ya Ijumaa, uje kwa ajili ya dada yako. Mengine nitayasema mahali pake. Nikiyataja hapa juu utacheka, utaikunja karatasi, utawashia jiko.

Tangu kiharusi kilipomlaza upande wa kulia mwaka jana, Limi alikuwa mtu wa kitandani. Hilo unalijua, ulikuja ukamwona. Mdomo ulipinda, lakini ubishi haukupinda hata kidogo. Nilimlisha uji, nilimwogesha, nilimbadilisha nguo, nilimgeuza asipate vidonda, naye kila nikimgeuza akisema kwa ulimi wake mzito kwamba Mzaramo anamgeuza kama chapati na bado hajui kupika. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nesi nilikuwa mimi, mpishi mimi, na dobi mimi. Birika langu la kahawa nililiacha lishike kutu. Wateja wangu wa stendi wanadhani nimekufa, na wengine wamefurahi.

Hayo yote tuliyaweza. Kilichotushinda ni joto.

Unayakumbuka yale mabati uliyotuletea ulipobahatika na dhahabu kule Rwamgasa? Ulikuja nayo juu ya Fuso unapiga honi tangu stendi mpaka mlangoni, ukapanda juu mwenyewe kung'oa nyasi, ukasema dada yako hatalala tena kwenye kiota cha ndege. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mimi nilitembea kifua mbele kama nimepewa cheo. Sikulaumu, bati ni heshima. Lakini dari hatukuwahi kuweka, na mgonjwa asiyeweza kutoka chini ya bati lisilo na dari, mwezi kama huu, ni mkate ulio ndani ya tanuri. Likifika jua la mchana, bati linaanza kugonga, ko, ko, ko, na Limi alikuwa akisema ndugu yake Maige anabisha hodi.

Aneth alinifundisha la kufanya. Nimpe maji kidogo kidogo hata akikataa. Nilowanishe khanga nimwekee shingoni, kwapani na nyayoni. Madirisha niyafungue asubuhi na kuyafunga jua likipanda. Feni tunayo, ila umeme wenyewe wa kuja na kuondoka, na upepo wa feni ukawa kama mtu anakupumulia usoni baada ya kula pilipili. Kubwa kuliko yote, alisema, kabla ya jua la utosi nimtoe nje, chini ya mwarobaini wa jirani yetu Mageni, akae pale mpaka jioni. Akaniambia na neno moja la kuogopa: siku akianza kusema vitu visivyoeleweka, au ngozi ikawa ya moto na kavu, nisingoje hata kidogo. Nimpigie yeye, niite bajaji, twende hospitali.

Niliyashika yote. Nilijaribu hata ya kwangu. Nilitafuta nyasi nikapanda ngazi na nyonga yangu hii, nikazitandaza juu ya bati nikazimwagia maji. Mageni akaita mtaa uje umwone Mzaramo anayeezeka nyumba iliyokwisha kuezekwa. Wakaja. Mmoja akaniuliza kama nikimaliza nitalisiliba na gari la sheikh kwa udongo. Upepo wa Shinyanga ukazichukua nyasi zote mchana ule ule ukazishusha uani kwa Mageni, mbuzi wake wakala wakashiba. Limi alipohadithiwa alicheka mpaka uji ukamtoka puani.

Kumtoa nje ndiko kulikotaka watu. Mwanzo vijana wa gereji walikuwa wanaruka ukuta, wanashika mkeka pembe nne, wanamtoa kama bibi harusi, jioni wanamrudisha. Baadaye wakawa wanakuja wakiitwa mara mbili, kisha mara tatu, kisha wakawa na kazi. Siwalaumu. Mgonjwa wa siku moja ni wa mtaa, mgonjwa wa mwaka ni wako peke yako.

Ndipo nikakupigia wewe. Nilikuomba uniletee kijana mmoja wa karasha, mwenye mikono, akae nasi mpaka mvua zishike. Ukanijibu kwamba Mzaramo anatafuta mtu wa kumpepea yeye akiwa amelala, na kwamba utanitumia punda. Nikakupigia tena, nikakwambia dada yako anaisha, joto linammaliza. Ukaniuliza msiba huu uvae shati gani, maana lile la msiba uliopita lilichafuliwa na mavi ya dume.

Na mimi, Maige, nilicheka. Jibu lilikuwa zuri.

Maana ni kweli, mimi ndiye niliyekuita kwenye msiba ule wa uongo, Limi akiwa bado mzima. Utani wa Wazaramo na Wasukuma niliukuta, lakini mimi niliutia chumvi nikautia na pilipili, na kwa kuwa nilimwoa dada yako nikawa na leseni mbili. Nilikwambia Limi amefariki, na ukaja na lori zima la watu kutoka kwenu Songwa, mama zako wadogo wanalia tangu barabarani, dume la ng'ombe limefungwa nyuma linanya kwa hofu. Mkamkuta amelala katikati ya chumba, shuka jeupe mpaka kifuani, macho yamefumba, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Ulipiga magoti ukalia, nakumbuka ulilia vizuri sana. Ndipo maiti akafumbua jicho moja, akauliza kama mmekuja na michembe au mmekuja mikono mitupu. Mama yako mdogo alikimbia akapita dirishani. Dume tulilila, tukacheza ngoma, na mkasema msiba mtamu kama huo hamjauona.

Shuka lilikuwa wazo lake, si langu. Ulimi pia. Alisema bila ulimi hamtaamini.

Sasa nakuja kwenye jana, Jumanne. Hapa soma polepole.

Asubuhi Limi alikataa uji. Nilimpa maji, mengi yakamwagikia kidevuni. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Jua lilipopanda, akanitazama akaniita mayu, mama. Nikamwambia asante, sikujua kwamba nimekuzaa mimi, basi nyonya. Akaniuliza kama ng'ombe wamerudi kutoka malamboni. Nikamjibu wamerudi, ila Wazaramo wamewauza wakanunua nazi. Upande mzima wa mdomo wake ukainuka kidogo. Nikafurahi. Nikasema moyoni leo mama yuko sawa, leo anatania.

Neno la Aneth nilikuwa nalo kichwani, Maige. Kusema vitu visivyoeleweka. Lakini mimi na Limi lini tulisemezana vitu vinavyoeleweka? Miaka yote ile, kama angeniita kwa jina langu nikamwitikia vizuri, hapo ndipo ningeshtuka nikaita bajaji.

Bati lilipoanza kugonga nilijua lazima atoke. Nikaenda ukutani nikaita vijana. Nikasema njooni, mke wangu anakufa. Mmoja akauliza kutoka chini ya gari, leo ni zamu ya nani kuleta dume. Nikaita tena kwa sauti ya juu, Mageni naye akadakia kutoka jikoni kwake kwamba tafadhali marehemu asubiri, ugali haujaiva. Wakaangua kicheko. Nikageuka kumtazama Limi kupitia dirishani. Sijui kama alisikia. Nilidhani amesikia.

Basi nikamvuta mwenyewe. Nilimteremsha na mkeka, nikashika ncha mbili, nikaenda kinyumenyume, navuta, napumzika, navuta. Nilimwambia kwamba amekula michembe mingi mno katika maisha yake. Hakujibu. Nilipomgusa shingo ilikuwa kavu na ya moto kama birika, nikasema ni huu mwendo tu, tukifika nje atapoa. Tulifika mlangoni. Kichwa na mabega vilikuwa kwenye kivuli cha kibaraza, kuanzia kiunoni bado yuko ndani. Nyonga ikakataa. Nikakaa chini pale kizingitini nipumue.

Nilipomtazama, macho yalikuwa yamefumba, na ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo.

Nilicheka, shemeji. Hili ndilo nililoshindwa kumwambia hata Aneth, nakwambia wewe. Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia mimi si Maige, hunipati, hata shuka huna. Nikachota maji ya mtungi nikamwagia usoni ili aruke. Hakuruka. Nikamsifu. Nikamwambia umekuwa fundi, ungeanza ujanani tungekupeleka kwenye video. Nikachukua kawa la kufunikia chakula nikaanza kumpepea, huku namhadithia jinsi mama yako mdogo alivyopita dirishani, maana kile kisa hakijawahi kushindwa kumchekesha. Nilikihadithia chote mpaka mwisho. Nikamngojea acheke. Nikasema anajizuia. Nikakihadithia tena, nikiongeza vitu.

Muda wote huo simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba ya Aneth ndani yake.

Kivuli cha kibaraza kilikuwa kinasogea. Jua likafika kwenye paji lake la uso, likashuka, likamwingia machoni. Nikasubiri ageuze kichwa. Kugeuza kichwa upande ule aliweza, kila siku alikuwa anageuza na kulitukana jua kwamba wao ni wajina, maana Limi kwa Kisukuma ni jua, na bado halimwonei haya. Safari hii aliliacha limkae usoni. Hapo nikaacha kupepea.

Dada yako amekufa, Maige. Amekufa jana mchana mlangoni kwangu, nusu ndani nusu nje, na mimi nimekaa pembeni namsimulia vichekesho.

Aneth alipokuja nilimuuliza kama ningempigia asubuhi, Limi alipoulizia ng'ombe, angepona. Alichukua ndoo, akasema anakwenda kutafuta maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Ndiyo maana sikukasirika ulipomsifu Aneth kwenye simu. Watu walikasirika kwa niaba yangu, Mageni alitaka kukupigia akutukane, nikamkataza. Wewe ulikuwa mbali, ulisikia sauti tu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Kama mimi sikuamini, wewe ungeaminije?

Sheikh alitaka tumzike jana ile ile, akasema kwa joto hili maiti hakai. Nikamwambia simziki mtoto wa watu bila mtu wa kwao kutia udongo, hata utani una mpaka. Tukasumbuana, mwisho akakubali Ijumaa baada ya sala. Wakampeleka hospitali, kwenye chumba cha kuhifadhia. Leo asubuhi nimekwenda kumpelekea khanga safi. Yule bwana wa pale akanifungulia, na baridi ikanipiga mpaka meno yakaniuma. Nilisimama pale na khanga yangu. Umeme ukikatika wanawasha jenereta, ameniambia, hapazimiki usiku wala mchana. Kitu kile Limi alikuwa anakiomba tangu Septemba, na nilitaka kumwambia kwamba amekipata. Bwana yule akadhani nasali, akavua kofia.

Nyumbani watu wamejaa, lakini msiba umekuwa kimya, kimya cha watu wasiojuana. Vijana wa gereji wamezima redio yao. Yule wa chini ya gari ameleta maji tangu alfajiri, analeta tu, mapipa yamejaa anatafuta sufuria. Mageni amekaa mlangoni pale pale kwenye kibaraza. Hawa wote ni watani wangu. Msiba wangu walitakiwa wauvuruge, waibe sufuria za pilau, waseme nimemuua mke kwa uvivu wangu wa Kizaramo, mmoja alale kaburini agome kutoka. Misiba yenu nimelala makaburini mimi. Kwa baba yenu Songwa mlinitoa kwa kunivuta miguu, na wewe ndiye uliyekuwa unavuta. Sasa kwa Limi hakuna anayethubutu. Wanaona haya. Kila wakifumbua mdomo wanasikia ule ugali wa Mageni.

Kwa hiyo njoo wewe, ambaye hukuusikia. Usije na dume, wala usije na lori. Njoo na mdomo wako. Simama uani kwangu mbele ya watu uniite mvivu, uniite mla nazi, useme ulimpa dada yako mwanamume akapata mpika kahawa. Sema lolote. Mimi nitajaribu kukujibu. Siahidi. Tangu jana nimejaribu kutafuta neno la kuchekesha juu ya mlango ule na sijalipata.

Barua hii nampa Donatus, kondakta wa basi la Geita, aliyekuwa mteja wangu wa kahawa. Gari linaondoka kesho alfajiri, na amesema atahakikisha inakufikia mkononi hapo karashani. Naye alitaka kulia nilipompa maneno. Nimemwambia akifika kwako asilie kabisa, utasema nimemfundisha.

Nisalimie Mama Loveness, mwambie ule mtungi aliompa wifi yake mwaka jana ulikuwa unapoza maji vizuri, ndio uliotufaa mpaka mwisho. Wasalimie watoto, wazee wa hapo na yeyote anayeniulizia, kama yupo. Wabeja, asante kwa kusoma mwandiko huu unaokwenda kama mlevi.

Na kama ukimaliza kusoma bado unasema Mzaramo ameanza, vilevile njoo. Njoo unikamate uongo. Unitanie mbele ya watu, na ukiona nimeshindwa kukujibu, hapo utaamini.

Ni mimi shemeji yako na mtani wako,
Akida, aliyekuwa muuza kahawa wa stendi